Kampuni za kugeuza taka kuwa mafuta: maswali ambayo wawekezaji huuliza mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayefikiria kuweka fedha kwenye hisa, hati fungani au mradi wa kutengeneza mafuta kutokana na taka. Mifano mingi ni ya Marekani na Kanada, kwa kuwa huko ndiko kampuni hizi zilikokusanya mtaji mkubwa hadharani na hesabu zao zikasomeka. Maswali ya miradi midogo ya plastiki Afrika Mashariki yako kuelekea mwisho.

Watu wakisema "taka kuwa mafuta", wanamaanisha teknolojia gani?

Jina ni moja, kazi ni tofauti sana, na mabishano mengi huanzia hapo. Ipo pirolisisi: plastiki au matairi huchemshwa kwa nyuzi 400 hadi 550 za Selsiasi ndani ya chombo kisicho na hewa, mvuke ukapozwa kuwa mafuta. Ipo njia ya gesi: taka zilizochambuliwa na kukaushwa hupashwa joto kali zaidi mpaka zinakuwa kaboni monoksaidi na haidrojeni (singasi), kisha gesi hiyo husafishwa na kupitishwa kwenye kichocheo ili iwe methanoli, ethanoli au mafuta ghafi ya kutengenezwa. Ipo njia ya maji moto na shinikizo, inayotumika kwa mabaki ya nyama na tope la maji taka. Halafu zipo kazi mbili ambazo watangazaji huzichanganya na hizo tatu ingawa hazifanani nazo kwa hatari: kusafisha mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika yawe dizeli, na kuvuna gesi ya dampo.

Kabla ya kujadili bei ya hisa, jua kampuni iko kundi lipi. Kampuni ya mafuta ya kupikia ikipata faida, haithibitishi lolote kuhusu kampuni ya gesi.

Teknolojia inafanya kazi au haifanyi?

Kemia inafanya kazi, na hilo halina ubishi. Njia ya Fischer na Tropsch, inayogeuza singasi kuwa mafuta kwa kichocheo, ni ya miaka ya 1920, na Sasol ya Afrika Kusini imekuwa ikitengeneza mafuta kutokana na makaa ya mawe tangu 1955. Kinachobishaniwa ni saa. Kiwanda cha aina hii hupangwa kufanya kazi saa 7,500 hadi 8,000 kwa mwaka. Kikifanya saa 3,000, mkopo haulipiki hata kama kila lita inayotoka ni safi.

Makaa ya mawe ya leo yanafanana na ya jana. Taka hazina tabia hiyo. Mvua ikinyesha, unyevu unapanda. Sikukuu ikipita, chupa zinazidi. Mtu akitupa betri au waya wa umeme, metali na klorini zinaingia tanurini. Kila badiliko linahamisha joto la tanuri, uwiano wa gesi na kiasi cha lami inayoganda kwenye mabomba. Kwa hiyo swali la kumuuliza msemaji wa kampuni ni hili: mtambo umefanya kazi saa ngapi mfululizo, kwa taka halisi, kwa kiwango gani cha uwezo wake? Akijibu kwa jumla ya saa za mtambo wa majaribio tangu uanze, hajakujibu.

Tani moja ya taka inaweza kutoa lita ngapi?

Hili unaweza kulikagua mwenyewe kwa dakika tano, na linachuja matapeli wengi kuliko ripoti yoyote. Lita ya dizeli ina nishati ya takriban megajuli 36. Taka mchanganyiko za miji ya Ulaya zina kama megajuli 10 kwa kilo, yaani gigajuli 10 kwa tani. Mtambo mzuri wa njia ya gesi huokoa 40 hadi 50 kwa mia ya nishati hiyo. Chukua 45: zinabaki gigajuli 4.5, gawa kwa 36, unapata lita 125.

Sasa mtu akikuahidi lita 400 kwa tani ya taka mchanganyiko, zidisha: 400 mara 36 ni gigajuli 14.4. Ameahidi nishati nyingi kuliko iliyomo ndani ya taka zenyewe. Hapo hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo.

Angalia pia ni tani ya nini. Fulcrum BioEnergy, kampuni ya Marekani iliyotumia njia ya gesi, ilipanga kupata galoni milioni 11 kwa mwaka kutoka tani 175,000 za Kimarekani, sawa na lita 260 hivi kwa tani ya kawaida. Hesabu hiyo haikuwa ya uongo, lakini ilikuwa ya taka zilizokwisha kuchambuliwa, kusagwa na kukaushwa, si za kutoka kwenye gari. Gharama ya kufika hapo, pamoja na kutupa kilichochujwa, mara nyingi hukaa ukurasa mwingine wa ripoti.

Ni nini kiliiangusha Fulcrum?

Kisa hiki kinastahili kusomwa polepole, kwa sababu kampuni ilikuwa na karibu kila kitu ambacho wawekezaji hutaka kuona. Ilianzishwa 2007. United Airlines iliweka dola milioni 30 mwaka 2015, BP ikaweka milioni 30 mwaka uliofuata, na Cathay Pacific ilikuwa imetangulia. Kiwanda cha Sierra kilijengwa mashariki ya Reno, jimbo la Nevada, na taka zilitayarishwa karibu na dampo la Lockwood. Desemba 2022 kampuni ilitangaza kuwa imepata mafuta ghafi ya kwanza.

Kati ya kutangaza mafuta ya kwanza na kufanya biashara ndipo palipovunjika. Taarifa zilizotoka baadaye zilieleza kuwa asidi ya nitriki ilijitokeza bila kutarajiwa ikala vifaa, na kwamba ndani ya mfumo wa kugeuza gesi kulijenga utando mgumu kama saruji. Ukijua majivu ya taka yana nini, mambo haya yanaeleweka: yana kalsiamu, silika, sodiamu na potasiamu, ambazo joto likizidi kidogo huyeyuka, hushikana na mchanga wa tanuri na kuganda. Kila mgando ni kuzima, kusubiri tanuri lipoe, kuvunja, kuwasha tena; na kila kuwasha kunatumia gesi asilia ya kununua.

Oktoba 2023 ikashindwa masharti ya hati fungani za takriban dola milioni 289. Mei 2024 kazi ilisimama, Septemba 2024 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Mali zake za Sierra ziliuzwa kwa dola milioni 15.

Hiyo ni kampuni moja. Wengine je?

Orodha ni ndefu, na sababu hazifanani, jambo ambalo ndilo gumu kwa wanaotetea sekta hii: kutatua tatizo la mmoja hakumwokoi mwingine.

INEOS Bio huko Vero Beach, Florida, ilitumia bakteria kula singasi na kutoa ethanoli, galoni milioni 8 kwa mwaka kwa mpango. Singasi ilikuja na sianidi ya haidrojeni, sumu kwa bakteria. Uzalishaji ulitangazwa 2013. 2016 kiwanda kikawekwa sokoni. Range Fuels ya Soperton, Georgia, ilipata ruzuku na dhamana za serikali, ikatoa methanoli kidogo, ikafunga 2011. Air Products iliacha mitambo yake miwili ya Teesside, Uingereza, mwaka 2016 na kufuta kati ya dola milioni 900 na bilioni moja. Huko lengo lilikuwa umeme, lakini tanuri ni la familia ileile. Enerkem ya Edmonton, Kanada, ilikusudiwa lita milioni 38 kwa mwaka kutoka tani 100,000 za taka. Ilifunguliwa 2014 na kufungwa 2024. Hii ndiyo inayotuuma zaidi, kwa sababu ilipewa muda, mji ulioiunga mkono na mkataba mrefu wa taka, na bado haikutosha.

Kwa upande wa plastiki, Brightmark ya Ashley, Indiana, iliyojengwa kwa tani 100,000 kwa mwaka na kupewa hati fungani za dola milioni 185 mwaka 2019, iliomba ulinzi wa ufilisi Machi 2025.

Lakini taka ni bure, hata unalipwa kuzipokea. Faida inakosekana vipi?

Taka ni bure mpaka pale mtu mwingine anapozihitaji. Changing World Technologies ilijenga kiwanda Carthage, Missouri, kando ya machinjio ya bata mzinga, kugeuza matumbo, manyoya na mifupa kuwa mafuta. Mpango ulitegemea kwamba baada ya hofu ya ugonjwa wa ng'ombe, serikali ingepiga marufuku kulisha mifugo mabaki ya nyama, hivyo machinjio yangelipia kuyaondoa. Marufuku hayakuja kwa upana uliotarajiwa. Watengenezaji wa chakula cha mifugo waliendelea kununua, na kampuni ikalazimika kulipa dola 30 hadi 40 kwa tani. Pipa lililotarajiwa kugharimu dola 15 likafika karibu 80. Wakazi nao walilalamikia harufu mpaka gavana akaamuru kiwanda kifungwe mwishoni mwa 2005. Kilifunguliwa tena, lakini kampuni ilifilisika 2009.

Kwa hiyo, kwenye mpango wa biashara tafuta mistari mitatu: ada ya kupokea taka ni kiasi gani na mkataba wake unaisha lini, nani anaruhusiwa kubadilisha bei, na nini kitatokea taka zisipofikia ubora uliokubaliwa. Mkataba wa taka wa miaka mitano hauwezi kubeba mkopo wa miaka ishirini.

Plastiki peke yake si rahisi zaidi?

Ni rahisi zaidi, kwa plastiki fulani. Madumu, mifuko laini na vifuniko (poliethilini na polipropilini) hutoa mafuta mengi: zikiwa safi na kavu, 70 hadi 85 kwa mia ya uzito. Zikiwa chafu na mchanganyiko, tarajia 45 hadi 60.

Chupa za maji na soda (PET) hazifai. Zina oksijeni ndani yake, hutoa mafuta kidogo na asidi ngumu zinazoganda kama unga kwenye mabomba ya kupozea. Mabomba ya plastiki, viatu na ngozi bandia vya PVC ni vibaya zaidi: hutoa haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na maji inakuwa asidi inayokula chuma na kuacha klorini kwenye mafuta. Kiasi kidogo tu cha PVC kinatosha kufanya kiwanda cha kusafishia mafuta kikatae mzigo mzima.

Mafuta ya plastiki yanaweza kuingia moja kwa moja kwenye injini ya dizeli?

Injini itawaka, na ndiyo maana video za maonyesho zinavutia. Kinachofuata hakionyeshwi. Mafuta haya yana molekuli zisizotulia ambazo zikikaa wiki kadhaa hugeuka gundi, na vichujio vinaziba. Yakiwa hayajatenganishwa, sehemu nyepesi inayofanana na petroli inabaki ndani, hivyo mvuke wake hushika moto kwenye joto la chini kuliko dizeli halali. Kwa kiwango cha Ulaya dizeli haitakiwi kushika moto chini ya nyuzi 55. Nta nayo huganda asubuhi yenye baridi.

Ili iwe dizeli ya kuuzika inahitaji kutenganishwa kwa mnara na kusafishwa kwa haidrojeni chini ya shinikizo, kazi ambayo mtambo mdogo hauiwezi. Soko la kweli la mafuta ghafi ya plastiki ni matanuri ya viwanda, au kiwanda kikubwa kitakachoyasafisha. Bei yake basi iko chini ya dizeli ya pampuni. Mpango unaopiga hesabu kwa bei ya pampuni umezidisha mapato tangu mstari wa kwanza.

Kama hatari ni kubwa hivyo, mbona mashirika ya ndege na kampuni za mafuta huingiza fedha?

Kwao ni kiasi kidogo kinachonunua nafasi ya mbele. Dola milioni 30 kwa shirika kubwa la ndege si sawa na akiba yako ya miaka kumi. Pia soma vizuri "mkataba wa kununua mafuta": mingi humfunga mnunuzi iwapo tu mafuta yatatoka, kwa ubora na tarehe iliyowekwa. Yasipotoka, mnunuzi hapotezi kitu. Mkataba kama huo unathibitisha kwamba kuna wateja, jambo ambalo halikuwa na shaka. Hauthibitishi kwamba kutakuwa na bidhaa.

Nisome hati zipi, na nitafute nini ndani yake?

Kwa kampuni iliyoorodheshwa Marekani, fungua EDGAR, hifadhi ya bure ya tume ya dhamana (SEC). Soma ripoti ya mwaka (10-K), ya robo mwaka (10-Q) na taarifa za dharura (8-K). Kwa hati fungani zilizotolewa kupitia majimbo na miji, kama za Fulcrum, tumia EMMA, hifadhi ya mtandaoni ya hati fungani hizo; mara nyingi huko ndiko habari mbaya hutokea kwanza, kwa sababu wenye hati wana haki ya kuarifiwa.

Anza na maelezo ya mkaguzi. Akiandika kuwa kuna shaka kubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli, gawa fedha taslimu kwa matumizi ya mwezi ujue imebakiza miezi mingapi. Kisha tafuta lita zilizouzwa, si uwezo wa mtambo. Neno "uwezo" likijitokeza kila ukurasa na mauzo yasionekane, umeshapata jibu. Baada ya hapo hesabu hisa. Ukiwa na hisa 10,000 kati ya milioni 50, una 0.02 kwa mia. Kampuni ikitoa nyingine mpaka zifike milioni 200, umebaki na 0.005 bila kuuza hata moja. Hati za deni zinazogeuzwa hisa kwa punguzo la bei ya soko ndizo hatari zaidi, maana bei ikishuka, mkopeshaji anapata hisa nyingi zaidi.

Kagua pia mali zisizohusiana na mtambo. Mwaka 2012 SEC iliishtaki JBI, kampuni ya kugeuza plastiki kuwa mafuta ya Niagara Falls, ikidai kuwa nafasi za matangazo zilizonunuliwa kwa kama dola milioni moja zilikuwa zimeandikwa vitabuni kwa karibu milioni kumi. Kwa KiOR ya Mississippi, iliyotumia mbao za msonobari na kuuza hisa kwa dola 15 mwaka 2011, tume ilishughulikia kiwango cha mafuta kwa tani kilichotangazwa kwa kutegemea mambo ambayo hayakuwa yamejaribiwa. Hadi kesi hiyo inamalizika, 2016, kampuni ilishafilisika tangu Novemba 2014.

Nimeletewa mradi wa mtambo wa plastiki wa tani 10 kwa siku, Dar au Mombasa. Nihesabu vipi?

Anza na malighafi. Tuseme, kwa mfano tu, plastiki inanunuliwa shilingi 400 za Tanzania kwa kilo. Tani ni 400,000. Ikiwa mchanganyiko lakini haina udongo wala maji, na kutoa 60 kwa mia, unapata kilo 600. Mafuta yana uzito wa kama kilo 0.8 kwa lita, basi ni lita 750. Malighafi peke yake ni shilingi 533 kwa lita. Lakini plastiki ya dampo ina udongo na maji. Vikiwa 20 kwa mia ya mzigo, zinabaki kilo 800, lita 600, na malighafi imefika shilingi 667. Bado hujalipa vibarua, kuni au mafuta ya kuwashia, mkopo, wala pa kupeleka masizi. Weka mzani na kipimo cha unyevu getini kabla ya kununua tanuri.

Halafu siku za kazi. Tanuri la kuzunguka la mkupuo mmoja hupakiwa, hupashwa moto saa nane hadi kumi au zaidi, hupozwa, hufunguliwa, husafishwa. Huo ni mkupuo mmoja kwa siku ukibahatika. Piga hesabu kwa siku 180 za mwaka, si 300. Mradi ukisimama kwa 180, unaweza kuujadili.

Vinavyoharibika ni vilevile kila mahali. Kizibo cha mlango huchakaa na kuvuta hewa, na hewa ikikutana na mvuke wa mafuta kwenye chuma chenye moto ni mlipuko. Sahani ya chini ya tanuri huvimba pale moto unapolamba sehemu moja au masizi yakiachwa bila kukwanguliwa. Bomba la kupozea huziba kwa nta, shinikizo likapanda. Muulize muuzaji kama kuna vali ya usalama, kipimo cha shinikizo kabla na baada ya kipozeo, na mitungi ya naitrojeni ya kufukuza mvuke kabla ya kufungua. Mtambo usio na vitu hivyo, usiukaribie.

Vibali ni sehemu ya gharama: NEMC (mazingira) na EWURA (nishati) Tanzania, NEMA (mazingira) na EPRA (nishati) Kenya, pamoja na mashirika ya viwango. Dizeli ya kanda yetu ilishushwa hadi salfa 50 kwa milioni tangu 2015. Mafuta ya matairi hayafiki hapo bila kusafishwa.

Na taka mchanganyiko za miji yetu?

Nyingi ni mabaki ya chakula, na unyevu wake hukaribia nusu au kuzidi. Kukausha kilo moja ya maji kunakula takriban megajuli 2.6, na tani yenye nusu maji ina kilo 500 za kukausha. Kwa taka za megajuli 6 kwa kilo na ufanisi wa 40 kwa mia, rudia hesabu ya juu: lita 67. Maganda ya ndizi na ugali uliochacha ni mali ya mtambo wa biogesi au mboji. Ukiona mpango wa kugeuza gesi kwa taka za Pugu au Dandora, dai vipimo vya unyevu vya msimu wa masika, si vya kiangazi.

Kuna waliofanikiwa?

Wapo, karibu wote kwenye malighafi inayofanana siku zote. Neste ya Ufini inasafisha mafuta ya kupikia na mafuta ya wanyama Porvoo, Rotterdam na Singapore. Chevron ilinunua Renewable Energy Group, ya dizeli ya mafuta ya aina hiyo, mwaka 2022 kwa dola bilioni 3.15, na BP mwaka huohuo ilinunua Archaea Energy, ya gesi ya madampo, kwa takriban bilioni 4.1 pamoja na madeni. Hazina kinga: mafuta ya kupikia yakipanda bei au ruzuku zikibadilika, faida inabanwa. Lakini huo ni mjadala wa bei, na mwekezaji anaweza kuufuatilia kila robo mwaka.

Hisa imeshuka kwa 90 kwa mia. Si ndio wakati wa kununua?

Inategemea nani anatangulia kulipwa. Kwenye ufilisi hulipwa kwanza wadai wenye dhamana na gharama za mahakama, kisha wadai wengine, na mwenye hisa mwisho kabisa. Kiwanda cha aina hii hakiuziki kwa bei ya kujengwa, kwa sababu mnunuzi anachukua chuma, ardhi na vibali, si teknolojia. Cha Range Fuels kilichukuliwa na LanzaTech mwaka 2012 kwa dola milioni 5.1. Kabla ya kununua, toa deni lenye dhamana kwenye thamani ya kuuzia chakavu na ardhi. Kinachobaki, ikiwa kipo, gawa kwa idadi ya hisa, ukihesabu na zile ambazo wakopeshaji wana haki ya kugeuziwa. Jibu likiwa chini ya bei ya sokoni, hisa hiyo bado ni ghali.